Hukumu ya Usiku wa Manane

Ndugu zetu, miongoni mwetu kuna azimaye taa baada ya Isha, akajinyoosha kitandani, na usingizi usimjie. Mji umenyamaza, watu wa barazani wamekwisha tawanyika, naye yu macho. Ndipo fikira zimjiapo moja baada ya moja: deni alilokawia kulipa, neno kali alilomwambia mamake, mtoto asiyeshika masomo, mauti. Kabla ya adhana ya Alfajiri amekwisha jihukumu kuwa ni mtu asiye na kheri yoyote. Twauliza: je, hukumu hiyo ni ya haki?

Sisi twaona jawabu lake limo katika mlango wa ukadhi. Sahaba Abu Bakra alimwandikia mwanawe, aliyekuwa kadhi huko Sijistani, asihukumu baina ya watu wawili hali ana ghadhabu, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akilikataza jambo hilo. Wanavyuoni hawakukomea kwenye ghadhabu. Walitazama sababu ya katazo, nayo ni kuvurugika kwa fikira, wakatia pamoja nayo njaa kali, huzuni kubwa na kuelemewa na usingizi. Basi ikiwa kadhi mwenye elimu yake huzuiliwa kukata shauri la minazi ya watu katika hali hiyo, vipi sisi, saa nane za usiku, tukate shauri la umri wetu mzima? Na katika mahakama hiyo ya kitandani, mshitaki ni sisi, kadhi ni sisi, na shahidi wa kututetea hakuitwa.

Huenda mtu akasema: "Mwacheni ajute, kwani kujihesabu ni wajibu." Ni kweli. Lakini kuahirisha kesi si kuifuta. Deni likikujia usiku, liandike karatasini, na asubuhi umwendee mwenyewe. Ukimkumbuka mamako, kesho mwombe radhi. Majuto yasiyofuatwa na tendo mchana humchosha mtu bure, wala hayamlipi mwenye haki yake.

Ama kukosa usingizi kwenyewe kuna sababu zake. Kahawa inywewayo barazani usiku haitoki mwilini upesi. Baada ya saa 5 hivi, kiasi cha nusu ya nguvu yake huenda ingalimo. Na asiyepata usingizi asigaegae. Na aondoke kitandani, akae penye mwanga mdogo, asome au adhukuru mpaka macho yawe mazito. Ikiwa hali hiyo yamrudia wiki baada ya wiki, na amwendee tabibu, wala asimalize fedha zake kwa makombe na hirizi. Na fikira zikimwambia ajidhuru, asikae nazo peke yake hata usiku mmoja: na awaamshe watu wake, wampeleke kwa tabibu.

Basi, ewe ndugu, ukikesha, iambie nafsi yako kuwa kesi imeahirishwa mpaka asubuhi. Na kukicha, usikose kuhudhuria.