Je, Ni Dhambi Kupenda Ndege ya Vita?



Kwenye semina zetu za VIWAWA na TYCS tunazungumza sana uchumba, ulevi, kubeti na simu. Ni sawa kabisa. Lakini mbona hatuulizani kuhusu vitu tunavyovipenda tu, vitu ambavyo havimdhuru mtu yeyote? Leo nakuletea swali ambalo mwanzoni linaonekana la kitoto, ila ukilishika vizuri linakufikisha mbali: je, Mkristo anaweza kuipenda ndege ya vita? Sisemi kwenda nayo vitani. Nasema kuipenda tu. Kutengeneza mfano wake kwa mikono yako, kuupaka rangi, kuurusha uwanjani na kufurahi.

Usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Huku kwetu migombani, Kibosho, Machame, Marangu mpaka Rombo, mtoto akipata waya, kopo na mabua, haendi dukani kununua mchezo. Anaunda gari. Anaunda ndege, anaifunga uzi na kuizungusha juu ya kichwa. Na wapo wanaounda "ya jeshi", huku mdomoni wanatoa mlio wa risasi. Je, tumkemee mtoto huyu? Tumsifu? Au tumwache tu, si mchezo?

Mchezo wenyewe

Hiyo ndege ya uzi ina ndugu zake wakubwa duniani. Zipo ndege za mfano zenye injini ndogo zinazoongozwa kwa nyaya mbili nyembamba. Mrushaji anasimama katikati, ameshika kishikio, na ndege inamzunguka. Akiinamisha kishikio huku au kule, waya mmoja unavuta na mwingine unalegea kidogo, na kibawa cha mkiani kinaipandisha ndege au kuishusha. Marekani mchezo huu ulipata umaarufu mkubwa miaka ya 1940, na mmoja wa waliousambaza ni Jim Walker wa mji wa Portland. Leo una mashindano ya kimataifa, na moja ya aina zake ni ndege za skeli: unachukua ndege halisi, unaipunguza kwa kipimo, na waamuzi wanalinganisha kazi yako na picha na michoro ya ndege yenyewe. Rangi, umbo, alama, mpaka namna inavyoruka. Wengi wanaoshindana huko huchagua ndege za vita.

Ukiuliza kwa nini, jibu la kweli ni hili: kwa sababu ni nzuri. Tusidanganyane. Ndege ya vita ina umbo linalovuta macho. Mtu anaweza kutumia miezi na miezi kuchonga mbao nyepesi na kupiga msasa bila kuchoka. Subira hiyo ni kitu chema. Kijana anayeweza kurudia bawa moja mara nne mpaka likae sawa ana kitu ambacho wengi wetu tumekipoteza.

Hapo ndipo swali linapouma. Uzuri ule ulibuniwa kwa ajili ya kuua.

Mlima wetu umeziona

Kwetu hii si habari ya kusoma kwenye vitabu vya watu wengine. Reli ya Usambara ilifika Moshi mwaka 1911, na vita vilipoanza mwaka 1914 mji wetu ukawa kitu cha kugombaniwa. Mwanzoni mwa 1916 jeshi la Waingereza lilijikusanya upande wa Mbuyuni, ng'ambo ya mpaka, Kenya ya leo. Mbuyuni palikuwa na uwanja wa ndege. Kikosi namba 26 cha anga cha Waingereza, chenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilikuja na ndege aina ya B.E.2c. Machi mwaka ule Moshi ikatekwa.

Unajua B.E.2c ilitengenezwa kwa nini? Mbao, kitambaa na nyaya. Yaani vitu vilevile anavyotumia mtengeneza ndege za mfano. Ukiiona picha yake unaweza kusema ni mchezo wa mtoto uliokuzwa. Lakini ilipeleleza, na ilibeba mabomu, katika nchi ambayo wengi wa waliokuwa chini hawakuwa na ugomvi wowote na Mwingereza wala Mjerumani. Vita vile vilibebwa na wapagazi wa Kiafrika, mizigo kichwani. Wakafa maelfu kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa, na wengi hawana kaburi lenye jina. Moshi pana makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola yanayotunzwa vizuri, na ni jambo jema. Mpagazi yeye utamtafuta wapi?

Halafu babu na bibi zetu wanakumbuka mwingine. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na ndege zake zikadondosha mabomu upande wetu. Na ni hapahapa Moshi, tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikaa mezani wakaunda umoja wao, UNLF, chini ya Yusuf Lule, kabla Kampala haijaanguka Aprili 11. Kwa hiyo mji huu una kumbukumbu mbili: ndege iliyokuja kupiga, na watu waliokuja kuzungumza. Mtoto wa hapa anaifahamu ipi zaidi?

Mtakatifu Tomaso anasemaje

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliligusa swali letu karne ya 13, ndege hata hazijaota. Aliuliza kuhusu mafundi: je, fundi anatenda dhambi kwa kitu anachokitengeneza? Akatofautisha. Kama kitu hakiwezi kutumika bila dhambi, mfano sanamu ya kuabudiwa, fundi anatenda dhambi. Kama kinaweza kutumika kwa wema au kwa ubaya, mfano upanga na mishale, kazi yenyewe si dhambi. Ila hakuishia hapo. Akaongeza kwamba kitu kinachotumika kwa ubaya mara nyingi, wenye mamlaka wana wajibu wa kukiondoa katika jamii.

Sasa wewe utasema: basi yamekwisha, maana ndege ya mfano haiui hata nzi. Ngoja kwanza. Tomaso huyohuyo alifundisha kuhusu michezo pia. Alisema roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake. Asiyeweza kucheza kabisa naye ana kasoro. Lakini mchezo uwe na masharti matatu: usiwe na aibu wala madhara, usikupotezee utulivu wa akili, na ufae mtu, mahali na wakati.

Weka ndege yetu kwenye mizani hiyo. Sharti la kwanza, inapita. La pili, inategemea: je, unafurahia ufundi, au umeanza kufurahia kuangamiza? Huko ndiko gemu nyingi za simu zinakotupeleka, unahesabiwa pointi kwa maiti. Ajabu ni kwamba kwenye mchezo wa nyaya kuna pambano la ndege mbili, na kila ndege inavuta utepe wa karatasi. Mshindani analenga kuukata utepe wa mwenzake kwa panga la ndege yake. Kinachokatwa ni karatasi, na wote wawili wamesimama pamoja katikati, karibu kugusana mabega.

Sharti la tatu ndilo gumu. Mchezo huohuo unaofaa uwanjani Moshi, upeleke kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, mbele ya mtoto aliyekimbia Kivu. Kwake mlio ule una maana nyingine. Ndege ni ileile, na mrushaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni jirani. Na Mkristo hawezi kupima furaha yake bila kumtazama jirani.

Skeli ya kweli

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Si dhambi. Lakini ni deni.

Anayejenga ndege ya skeli amejifunga kusema kweli. Akikosea rangi ya mkia, waamuzi wanamkata alama. Anahesabu misumari. Basi nauliza: mtu anayehesabu misumari, anawezaje kuacha kuhesabu watu? Ndege ile haikuruka juu ya mchoro. Iliruka juu ya mashamba, juu ya mama aliyekuwa anachuma majani ya ng'ombe, juu ya mpagazi aliyechoka. Ukijenga bawa sawasawa na kusahau kilichokuwa chini ya bawa, mfano wako una kasoro, hata kama waamuzi hawakuiona.

Kanisa limesema waziwazi, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, kwamba kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake bila kubagua ni uovu dhidi ya Mungu na dhidi ya binadamu. Zipo ndege maarufu zilizofanya hasa hivyo, na mifano yake inajengwa na kusifiwa. Sisemi isijengwe. Nasema anayeijenga ajue habari yake yote, na akiulizwa na mtoto, "Hii ilifanya nini?", asijibu kwa kutaja spidi na urefu wa mabawa tu.

Kuna atakayesema, "Si bora tuunde za abiria tu, tuachane na mikosi?" Ni shauri zuri, na dhamiri ikikutuma hivyo, fuata. Nabii Isaya alitabiri panga kufuliwa majembe, na huko ndiko tunakoelekea. Lakini kusahau hakufui upanga. Aliyeufua upanga kuwa jembe alijua vizuri kwamba ulikuwa upanga.

Jambo la mwisho ni zile nyaya. Kwenye mchezo huu, waya ukilegea, ndege haikusikii tena, na mara nyingi inaishia kuvunjika. Ikivuta, mkono unauma kidogo, lakini unaiongoza. Rubani wa vita halisi anaweza kuachilia bomu na kuondoka bila kuhisi lolote mkononi. Dhamiri ni kama waya uliokaza: inakufanya uhisi uzito wa unachokirusha. Usiombe ilegee.

Ya kutafakari wiki hii

1. Ni kitu gani ninachokipenda ambacho kiliwahi kumuumiza mtu? Je, naijua habari yake yote?
2. Furaha yangu inamfaa jirani aliye karibu, au inamchoma?
3. Novemba, mwezi wa marehemu, nitamwombea nani asiye na kaburi lenye jina?

Tusali

Ee Bwana, uliyetupa mikono ya kuunda na macho ya kupenda uzuri, utujalie tusipende kitu zaidi ya mtu. Uwapumzishe kwa amani wapagazi, askari na wanakijiji waliokufa chini ya mlima huu, ambao majina yao unayajua wewe. Bikira Maria wa Loreto, msimamizi wa warukao angani, utuombee. Amina.