INJINI MPYA NA MKRISTO MPYA



Mtu akinunua pikipiki mpya, fundi humwonya: "Kilomita 1,000 za kwanza usiikimbize." Kwa nini, nayo ni mpya? Kwa sababu ringi za pistoni bado hazijazoeana na ukuta wa silinda. Zinasuguana, na chembe za chuma huingia katika oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema. Lakini fundi hasemi pikipiki ifungiwe nyumbani. Injini isiyofanya kazi, ringi zake hazikai sawasawa. Ipewe mwendo, mara pole, mara haraka kidogo, bila mizigo mizito.

Hapa nina la kuungama. Kijana wetu mmoja alipopata Kipaimara tulifurahi mno. Hata mwezi haujaisha, tukamfanya mweka hazina, mwalimu wa Shule ya Jumapili na kiongozi wa kwaya. Akalemewa, akakosea, nasi tukamlaumu. Leo kiti chake ki wazi. Mtakatifu Paulo alimwonya Timotheo kwamba mwongofu mpya asifanywe msimamizi (1 Tim. 3:6). Tulisoma, hatukusikia.

Jumapili ijayo wengine watapokea Kipaimara. Tuwape kazi ndogo, na mzee wa kuwaongoza. Wakianguka, tuwasaidie kutubu mapema, kama oili ile imwagwavyo, wala tusiwacheke. Na yule aliyetuacha, twende kwake tumwombe radhi. Sisi ndio tuliomkimbiza.

Bwana atupe uvumilivu. Amina.