Ubishi kama Kazi ya Pamoja

Kila makala ya Wikipedia ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ndio unaosomwa. Wa pili huitwa Majadiliano, na msomaji wa kawaida hupita bila kuugusa. Humo ndimo waandishi wa kujitolea, ambao hawalipwi na aghalabu hawajawahi kuonana, hubishana juu ya kilichoandikwa mbele: tarehe hii imetoka wapi, jina hili huandikwaje, sentensi ile inampendelea nani. Nyuma ya kurasa zote mbili iko historia, yaani kumbukumbu ya kila badiliko tangu neno la kwanza. Kilichofutwa chaweza kurudishwa, na kilichorudishwa chaweza kufutwa tena. Makala, kwa hiyo, haina neno la mwisho. Ina neno la sasa tu.

Wengi huchukulia kwamba kushirikiana ni kupatana, na kwamba ubishi ni ufa katika ushirikiano. Kama ndivyo, kamusi elezo inayoandikwa na watu wasiojuana, wasio na msimamizi wa kuwapangia kazi, na wenye ruhusa ya kufutiana maandishi, ingesambaratika mapema sana. Haikusambaratika. Jimmy Wales na Larry Sanger waliifungua tarehe 15 Januari 2001 ili iisaidie Nupedia, mradi uliowategemea wataalamu na kupitisha kila makala katika hatua saba za uhakiki. Nupedia ilizimwa mwaka 2003 ikiwa na makala chache mno, na msaidizi wake akabaki. Mahali palipopangwa ili pasiwe na kosa hapakuzaa kitu. Palipoachwa wazi kwa mabishano pakajaa. Hiyo haithibitishi kwamba ubishi ni jambo jema kwa kila hali, lakini inatosha kuonyesha kwamba dhana iliyozoeleka ya ushirikiano ina kasoro.

Ubishi wenyewe si wa aina moja. Ulio mwepesi ni wa majina. Makao makuu ya Wilaya ya Hai, kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha, pale inapochepuka njia ya Sanya Juu, huandikwa Bomang'ombe, Boma Ng'ombe na hata Boma la Ng'ombe. Abiria wa daladala husema Boma, na kila mtu anaelewa. Kila umbo lina utetezi wake. Linalotenganishwa linaonyesha maana, linaloungwa limezoeleka kama jina la mji, na lenye kiunganishi linafuata sarufi. Anayefungua makala lazima achague moja kuwa kichwa, na kwa kuchagua amewaamulia wengine. Hapa kompyuta huleta amani isiyogharimu kitu: maumbo mengine hufanywa kurasa za kuelekeza, na kila anayetafuta hufika palepale. Ndivyo ilivyo pia kwa tarakilishi ya Mkenya na kompyuta ya Mtanzania, na kwa Wachaga na Wachagga. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, haikuwa na njia kama hiyo. Ililazimika kukata shauri, na kila ilipokata, lahaja fulani ilibaki nje.

Ubishi wa takwimu ni mgumu kidogo kuliko huo. Vizazi vya wanafunzi vimekariri kwamba Kilimanjaro ina mita 5,895. Vipimo vya setilaiti vya mwaka 1999 vilitoa mita 5,892, na vya 2008 vikakaribia hapohapo, kwa upungufu wa chini ya mita moja. Mhariri anayebadilisha namba kimyakimya atarudishiwa ile ya zamani na mwingine anayeamini kwamba anazuia uharibifu, na kuanzia hapo ni vuta nikuvute. Suluhisho ni kuacha kuandika namba tupu na kueleza namba ilipatikanaje: nani alipima, lini, kwa chombo gani. Wanaobishana hawajakubaliana juu ya urefu wa mlima. Wamekubaliana juu ya namna ya kusema kwamba urefu wake umepimwa mara kadhaa. Mafanikio hayo yanaonekana madogo, ila wazo zima la uandishi wa pamoja limesimama juu yake.

Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, alilifafanua wazo la jirani na hilo alipoandika juu ya mwafaka katika mabaraza ya jadi ya Kiafrika. Kwa maelezo yake, mwafaka hauhitaji watu wawe na imani moja kuhusu lililo kweli au lililo jema. Unahitaji wakubaliane juu ya la kufanya. Mjumbe anaweza kuondoka barazani akiwa bado anaamini kwamba wenzake wamekosea, na bado akaunga mkono hatua iliyofikiwa, kwa sababu hoja yake ilisikilizwa na kuacha alama katika uamuzi. Katika kamusi elezo "la kufanya" ni sentensi, na mwafaka ni ile sentensi ambayo pande zote zinaweza kuiacha isimame bila kuifuta. Ndiyo maana ya kanuni ya Wikipedia ya kutoegemea upande. Haidai kwamba mwandishi hana maoni, jambo lisilowezekana. Inamtaka auandike msimamo wa mpinzani wake kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeutambua kuwa ni wake.

Kanuni hiyo ina udhaifu mkubwa, na mlima uleule unauonyesha vizuri kuliko mfano wowote. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani pamoja na kiongozi wa msafara Bwana Kheri, aliona weupe juu ya kilele. Kwa maandishi yake, kiongozi alipoulizwa alijibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akatambua kwamba ni theluji. Katika safari yake ya pili, aliyoianza mwezi Novemba mwaka huohuo, alifika Machame, kwenye miteremko iliyo juu ya Bomang'ombe ya leo. Aliandika pia kwamba wenyeji walimsimulia juu ya kitu kile cheupe kama fedha ambacho, kikiteremshwa chini, huonekana kuwa maji matupu. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alizikanusha, na mwaka 1852 akayarudia makanusho yake katika kitabu. Aliendelea kupinga hata baada ya msafara wa Karl Klaus von der Decken, miaka ya 1861 na 1862, kuthibitisha theluji hiyo.

Kama kamusi elezo huru ingekuwapo mwaka 1855, makala ya Kilimanjaro ingesomeka hivi: Rebmann anasema kuna theluji, Cooley anakanusha. Kwa kanuni zote ingekuwa makala safi: vyanzo viwili vilivyochapishwa, kila upande umepewa haki yake, wala mhariri hakuegemea popote. Watu wa Machame, walioijua theluji kiasi cha kuiteremsha na kuiona ikiyeyuka, wasingekuwamo, kwa kuwa hawakuwa wamechapisha kitu. Usawa kati ya wanaobishana si usawa kati ya wanaojua. Mwafaka hupatikana miongoni mwa waliopo barazani, na lango la baraza hili ni maandishi.

Lango hilo halikuwekwa kwa ubaya. Mwandishi asiyejulikana hawezi kuaminiwa kwa neno lake. Lazima aonyeshe mahali ambapo mwingine anaweza kwenda kuhakikisha. Bila sharti hilo, anayeshinda ubishi angekuwa yule mwenye muda mwingi zaidi wa kukaa mbele ya kompyuta. Lakini sharti hilo lina gharama isiyolipwa sawasawa na watu wote. Mwingereza anayeandika juu ya kijiji chake ana rejista za kanisa, magazeti ya mkoa na vitabu vya historia ya tarafa. Mchaga ana kitabu cha Petro Itosi Marealle cha mwaka 1947 juu ya maisha ya Mchagga, ana kazi ya Kathleen Stahl ya mwaka 1964 iliyopitia umangi, yaani uchifu, mmoja baada ya mwingine, ana maandishi ya wamisionari na ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Baada ya hapo anabaki na babu yake. Mwaka 2011 mwandishi Achal Prabhala wa India alishiriki kutengeneza filamu iliyopendekeza mahojiano yaliyorekodiwa yakubaliwe kuwa chanzo, kwa majaribio yaliyofanyika India na Afrika Kusini. Pendekezo hilo lilipingwa, na sehemu ya upinzani ilikuwa na uzito: kwa mfano, wazee wawili wa koo mbili hawasimulii vita vya Mangi Sina wa Kibosho dhidi ya Machame kwa namna moja. Hata hivyo, hoja hiyo inamgeukia aliyeitoa. Wanahistoria wawili waliochapisha hawasimulii kwa namna moja vilevile, na kamusi elezo tayari inajua la kufanya na jambo hilo: inaziandika simulizi zote mbili, na kila moja inapewa jina la msimulizi wake.

Miteremkoni mwa Kilimanjaro upo ushirikiano mkongwe unaosaidia kulielewa jambo hili. Mifongo ni mifereji iliyochimbwa tangu kabla ya ukoloni kuchota maji kwenye makorongo ya mito na kuyafikisha kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Kila mfongo una watumiaji wake na zamu zake. Siku ya kuzibua, kila mwenye haki ya maji hutoka na jembe. Asiyetoka hutozwa faini, ambayo zamani ilikuwa mbege au mbuzi, na akizidi hunyimwa zamu. Watu wa mfongo mmoja hawapendani kuliko watu wengine. Wa chini humshuku wa juu kwamba anafungua maji usiku, wa juu hulalamika kwamba wa chini hawaji kwenye kazi. Lakini banio likibomoka kwenye korongo, maji hayamfikii yeyote, na kwa hiyo wanaogombana jioni hukutana asubuhi kwenye tope lilelile. Ugomvi wa zamu hauvunji mfongo. Huvunjika watu wanapoacha kuja kugombana, kwa sababu asiyegombea zamu hayahitaji maji, na asiyehitaji maji hatatoka kuzibua.

Ipo tofauti isiyopaswa kufichwa. Maji ya jirani yakiongezeka, ya mwingine hupungua, ilhali maarifa hayapunguzwi na anayeyasoma. Kinachopungua katika makala ni nafasi, hasa ile ya sentensi ya kwanza, ambayo wengi husoma hiyo tu kisha wakaondoka. Mapambano mengi makali ya kamusi elezo ni ya sentensi ya kwanza na ya kichwa. Katika Wikipedia ya Kiingereza jina la mji wa Gdańsk, uliowahi kuitwa Danzig, liligombewa mpaka kura ikapigwa mwaka 2005, ikaamuliwa kwamba jina lifuate zama zinazozungumziwa. Huko pia kuna kanuni kwamba asiyeridhika asirudishe maandishi yake zaidi ya mara tatu katika saa 24. Kanuni hiyo haisemi nani ana haki. Inawatoa wawili hao ukurasa wa mbele na kuwapeleka ule wa nyuma, wakaseme sababu. Uchagani jani la isale lina kazi mbili zinazofanana na hizo: mmea wake hupandwa mpakani mwa vihamba, na jani lake hupelekwa kwa aliyekosewa ili kuomba radhi. Mpaka na suluhu vinatumia mmea mmoja.

Pale tofauti zinapokosa mahali pa kusemwa, hutoka nje. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kiliundwa mwaka 1933 kurithi kile cha mwaka 1925, na sheria ikawalazimisha wakulima kuuza kahawa kupitia kwake. Mwaka 1937 kutoridhika kuligeuka ghasia, na maghala yakavamiwa. Ushirika uliofuta haki ya kujitoa ulikuwa umefuta pia kipimo cha kujua kama wanachama bado wanakubali. Kamusi elezo huru imelinda haki hiyo katika leseni yake: yeyote anaweza kuchukua maandishi yote na kuanzisha mradi wake. Waandishi kadhaa wa Kihispania walifanya hivyo mwaka 2002, wakihofia matangazo ya biashara, wakaanzisha Enciclopedia Libre. Matangazo hayakuwekwa. Waliobaki walifaidika na uamuzi wa walioondoka, jambo ambalo nadharia inayoona ubishi kama ufa haiwezi kulieleza.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na miongoni mwa waliowahamasisha watu kuiandika alikuwa mwanablogu Mtanzania Ndesanjo Macha. Leo ina maelfu mengi ya makala. Tatizo lake si ugomvi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Mamia ya makala yaliandikwa, mengi kwa kutafsiri, zawadi zikatolewa, na karibu washiriki wote wakaondoka, wakiwaachia wahariri wachache waliobaki kazi ya kusahihisha. Walikuja wakiwa washindani, na shindano halihitaji mtu amjibu mwenzake. Hakuna aliyemwuliza jirani yake kwa nini ameandika hivi wala vile, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kurudi kesho kutazama kama amejibiwa.

Makala za kata nyingi za Tanzania zimetungwa kwa kiolezo kimoja: jina, wilaya, mkoa, idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Hazina kosa la kumkasirisha yeyote, na ndiyo sababu hazivuti mtu kuandika. Chini yake hubandikwa maelezo kwamba makala bado ni mbegu, pamoja na swali kwa msomaji, kama anajua jambo lolote kuhusu mahali hapo. Swali hilo ni la dhati, lakini anayejua, kwa mfano, boma la kwanza la Bomang'ombe lilisimama wapi, ng'ombe walikuwa wa nani, na mji uligeuka vipi kutoka mnada hadi makao ya wilaya, kwa kawaida hajibu swali la jumla. Hujibu anapokuta imeandikwa kinyume na anavyojua.