Kulipia Njaa

Neno aperitivo limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufungua. Kinachofunguliwa ni hamu ya kula. Saa 12 jioni mjini Torino, ambako Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza vermouth mwaka 1786, mtu huketi barazani, huagiza kinywaji chenye uchungu kidogo, huletewa bruschetta na nyama zilizokaushwa kwa chumvi, na lengo la yote hayo ni kwamba wakati wa chakula cha usiku awe na njaa. Analipa ili asikie njaa.

Jambo hili hunikera. Katika lugha yangu njaa ni jina la msiba. Wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa zilizopita. Je, ni haki mtu kununua kile ambacho mwenzake anakikimbia?

Lakini tazama kilichomo sahanini. Bruschetta ni mkate uliobanikwa, ukasuguliwa kitunguu saumu na kumwagiwa mafuta ya zeituni: ujanja wa wakulima wa kuuokoa mkate mkavu usitupwe. Paja la nguruwe la Parma hutiwa chumvi na kukaushwa kwa zaidi ya mwaka 1, kwa kuwa zamani hapakuwa na jokofu na mnyama mmoja alipaswa kuilisha familia kwa miezi mingi. Bresaola ya Valtellina, ambayo ni ya ng'ombe, ina asili hiyohiyo. Vyakula hivi vilibuniwa na watu walioiogopa kesho.

Wapo watakaosema kwamba hapo ndipo penye dhambi, kwamba dhiki ya babu imegeuzwa pambo la mjukuu. Sikubaliani nao. Aliyebanika mkate mkavu hakutaka kizazi chake kiule kwa huzuni milele. Kuula kwa raha si kumdhihaki.

Dhihaka naiona kwingine. Vijana wa Italia wana neno apericena: unanunua kinywaji kimoja, unakula vya mezani mpaka chakula cha usiku kimepita. Wengine huwacheka wanaofanya hivyo, kwamba hawana adabu, wanarudia sahani mara 3. Anayecheka amedhani kila aliyeketi pale amekuja kutafuta hamu. Huenda jirani yake amekuja na njaa.

Kiswahili hutenganisha maneno hayo mawili, na nadhani tofauti yake ni ya kimaadili. Mwenye hamu anajua chakula kipo, anakichelewesha tu. Mwenye njaa hana uhakika huo. Tunasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi tunaisema kana kwamba ni udhuru. Mimi naisikia kama shtaka. Kuinunua hamu si kosa. Kosa ni kuketi meza moja na mwenye njaa, mkila mkate uleule uliobuniwa na wenye njaa, na bado usimtambue.