Uso wa Mchezo na Uso wa Mtu

Ni machache mambo yamshangazayo mtu kama kukutana ana kwa ana na mchezaji wa senema aliyezoea kumtazama katika picha. Aliyekuwa jitu huonekana mtu wa kimo cha kawaida. Aliyenguruma kama simba husema kwa upole. Na aliyewachekesha maelfu huenda akawa mtu mkimya, mwenye huzuni. Mshangao huu huzaa swali linalostahili kupimwa kwa makini. Je, msomaji, tulidanganywa? Na kama tulidanganywa, aliyetudanganya ni nani?

Chukua mfano wa Boris Karloff, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1887 akapata sifa Marekani. Mwaka 1931, katika picha iitwayo Frankenstein, alicheza kiumbe aliyeundwa kwa viungo vya maiti. Kila siku ya kazi alikaa saa nyingi akipakwa rangi na kubandikwa uso wa kutisha, kisha akavaa viatu vizito vilivyobadili mwendo wake. Watazamaji waliingiwa na hofu. Lakini waliomjua walimwona mtu mpole, mwenye adabu, apendaye bustani na mchezo wa kriketi. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kutetea haki za wachezaji wenzake, na baadaye aliwasomea watoto hadithi katika sahani za santuri. Husimuliwa kwamba mtoto wa kike aliyecheza naye katika picha ile hakumkimbia hata alipokuwa amekwisha kuvikwa uso ule. Alimwendea, akaomba kupanda naye gari moja.

Karloff hakuwa mwongo. Mwongo huficha kwamba anacheza, mchezaji hutangaza. Jina lake huandikwa katika picha, na mtazamaji hulipa kiingilio akijua kwamba anakwenda kuona mchezo. Kosa ni la mtazamaji atokaye nje mchezo umekwisha, naye akaendelea kuusadiki.

Kosa hilo lina upande wa pili. John Wayne alicheza askari shujaa katika Sands of Iwo Jima, picha ya mwaka 1949, na wengi wakamhesabu kuwa shujaa wa vita. Lakini hakupigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Simtaji ili kumtia ila, kwa maana yeye alifanya kazi yake; nataka uone kwamba sehemu mbaya haimhukumu mtu, na sehemu njema haimpi heshima asiyoichuma.

Pengine utasema kuwa mambo haya ni ya senema, nayo hayakuhusu. Yatazame tena. Katika darasa lako yumo mwanafunzi aliyepewa sehemu ya mjinga kwa sababu ya jibu moja alilokosea zamani. Yumo mwingine aitwaye mkorofi, na kila kitu kipoteapo yeye hutazamwa kwanza. Hawa hawakuchagua sehemu zao, wala hawakulipwa ujira kwa kuzicheza. Karloff aliuvua uso wake jioni akaenda kwake kupumzika. Wao hulala nao. Tena wako watu wazima wachezao wema mbele ya hadhara bila kutangaza kwamba ni mchezo, na hao tunawapa imani yetu, na pengine kura zetu, kwa sababu ya uso mzuri na maneno matamu.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Huwezi kumjua mtu kwa kumtazama ukiwa mbali, hata ukimtazama mara mia. Msogelee, sema naye, tazama atendavyo pasipo na watu wa kumshangilia. Ukiona kwamba si kama ulivyodhani, usimlaumu kwa kukudanganya. Badili hukumu yako, kwa maana hukumu hiyo ndiyo iliyo mikononi mwako.