Kila Mtungi Una Mnunuzi

Wanangu wa Sachangwan, nanyi wa Salgaa, Migaa na Mau Summit mliomaliza shule na sasa mnatafuta kazi ya kwanza, leo nataka tuzungumze habari ya dizeli. Wazee wenzangu wakiwaita vijana huwasemesha juu ya pombe, ndoa na shamba la baba, na wana haki. Lakini sisi tunaishi kando ya barabara inayopitisha mizigo ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Barabara hiyo imetuletea riziki, na imetuletea pia tabia moja ambayo sote tunaijua na hatupendi kuizungumzia: kununua kitu tunachojua kimeibwa, kwa kuwa bei yake ni nafuu na aliyeibiwa hatumjui.

Jumamosi ya Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka hapa kwetu Sachangwan. Watu walitoka majumbani na mashambani, wengine wakashuka kwenye magari yaliyosimama, wakaja na mitungi, ndoo na sufuria. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 100. Majeruhi walijaa hospitali ya Molo na ile kuu ya Nakuru, na wengine wakapelekwa hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Miili mingine iliungua kiasi cha kutotambulika, ikazikwa katika kaburi la pamoja. Nchi ilikuwa bado ina kilio, maana siku tatu kabla yake duka la Nakumatt Downtown jijini Nairobi lilikuwa limeteketea na watu ndani.

Waliokufa hapa walikuwa majirani zangu na siwezi kuwahukumu. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Mwezi huo huo Rais Kibaki alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Eneo la Molo lilikuwa limetoka kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kuna waliochomewa maghala, kuna waliokuwa wangali katika hema. Januari ni mwezi wa karo. Mtu wa namna hiyo akisikia kuna mali inamwagika bure kando ya njia, miguu hutangulia kabla akili haijauliza swali.

Hata hivyo umaskini peke yake haulielezi jambo hili, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Petroli hailiwi. Ukiitia kwenye jiko la mafuta ya taa inakuunguza wewe na watoto. Nyumba nyingi za hapa wakati ule hazikuwa na gari wala pikipiki. Basi ule mtungi wa lita 20 ulikuwa unakwenda kwa nani? Ulikuwa unakwenda kwa mnunuzi, na mnunuzi huyo hakuzaliwa asubuhi ile. Alikuwapo miaka mingi, anajulikana mlango wake, anajulikana bei yake. Lori lilipoanguka, soko lilikuwa limeshajengwa kitambo, na sisi wenyewe ndio tuliolijenga kwa kununua kidogo kidogo.

Nani asiyejua jinsi dizeli inavyouzwa kando ya barabara hii? Lori linaegeshwa jioni. Dereva anashuka kwenda kula, utingo anabaki. Kijana anatokea na mpira na mitungi ya njano, kifuniko cha tanki kinafunguliwa, mpira unaingizwa, kijana ananyonya kwa kinywa mpaka mafuta yanafika mdomoni, anatema, kisha anaelekeza mpira mtungini. Dakika chache mitungi miwili imejaa. Pesa zinahesabiwa gizani. Waliofanya kazi hiyo muda mrefu utawajua kwa kikohozi na kwa harufu isiyotoka kwenye nguo hata zikifuliwa kwa maji moto.

Sasa jiulizeni, dereva hupata wapi mafuta ya ziada ya kuuza wakati tajiri wake amempimia? Huyapata kwenye mteremko wetu huu. Akifika juu anatia gia nyutro, anaachia lori lenye tani za mzigo liteleze lenyewe kuelekea Salgaa, akiamini anaokoa lita kadhaa. Injini haishiki tena magurudumu. Kilichobaki ni breki tupu. Breki zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, na zikipata moto kupita kiasi hazishiki. Dereva anakanyaga, na lori linazidi kukimbia. La kuumiza zaidi ni kwamba kwa lori la kisasa hesabu yenyewe haipo: injini ikiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, dizeli hukatwa kabisa, ilhali kwenye nyutro injini huendelea kunywa ili isizimike. Watu wamezikwa kwa ajili ya lita ambazo hazikuokolewa.

Sisemi kila ajali ya hapa imetokana na hilo. Ajali ya Migaa ya Desemba 31, 2017, iliyoua watu 36, ilihusu basi na lori yaliyogongana uso kwa uso, na baada yake serikali ilijenga kizuizi cha kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Kizuizi kimesaidia, nashukuru. Lakini hakiwezi kumzuia dereva kutia nyutro, wala kumkataza mwenye kinu kununua mtungi.

Nimetaja mwenye kinu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na kinu cha kusaga mahindi, cha injini ya dizeli, kabla stima haijatufikia. Vijana walikuja mlangoni na mitungi yao, wenye adabu, wananiita mzee, wananitajia bei ambayo kituo cha mafuta hakiwezi kuikaribia. Nilikataa. Jirani yangu alikubali. Akapunguza bei ya kusaga kila gorogoro, na kina mama wakahamia kwake, hata wale tuliokaa nao kanisani kiti kimoja. Msingoje niwaambie kwamba Mungu alimwadhibu. Kinu chake kiliendelea kunguruma, akasomesha watoto, na mimi nikakaa na injini safi isiyo na wateja. Nawaambia hivi kwa kuwa wahubiri wengi huwaahidi vijana kwamba uaminifu hulipa haraka. Mara nyingi haulipi haraka, na mara nyingine haulipi kwa fedha kabisa. Anayeuchagua kwa ajili ya faida atauacha siku faida itakapohamia upande wa pili.

Mbona basi niliukataa ule mtungi? Kwa sababu nilikwisha kuamua kabla haujafika. Hilo ndilo naona linawatofautisha watu, kazini na dukani. Mbele ya bei nzuri, pesa zikiwa chache na jioni imeingia, hakuna anayefikiri vizuri. Anayengoja mpaka siku hiyo ndipo aanze kujiuliza yeye ni mtu wa namna gani, atapewa jibu na bei. Kaeni chini mapema, kila mmoja na nafsi yake, mseme: kitu hiki sinunui, kitu hiki siuzi, hata kikiwa bure. Mkisha kusema hivyo, kijana mwenye mtungi atawapita tu kama mpita njia mwingine.

Kwa wewe unayekwenda kuwa utingo, na kesho dereva, nina neno la pekee. Watakwambia, “Tajiri haumii, ana malori mengi.” Watakwambia dereva aliyetangulia alijenga nyumba kwa mafuta hayo. Usibishane nao, angalia tu jinsi mambo yanavyokwenda. Mtungi wa kwanza unauza kwa hiari yako. Wa pili unauza kwa sababu mnunuzi ana namba yako ya simu. Wa tatu anakudai. Kuanzia hapo umeajiriwa na watu wawili, na huyu wa pili hana barua ya kazi, hana likizo, na siku ukikamatwa hakujui. Malori mengi ya siku hizi yana vifaa vya kupima mafuta tankini, tajiri akiwa Nairobi anaona lita zinavyoshuka. Lakini sitaki uwe mwaminifu kwa kuogopa kifaa. Kifaa kikiharibika njiani, uaminifu wa namna hiyo unaharibika nacho.

Na ninyi mtakaokuwa matajiri, kwa maana wapo watakaokuwa, msidhani nasaha hii inawapita. Mwajiri anayempa dereva pesa za safari zisizotosha chakula na malazi, kisha akakaa kimya akijua atajijazia, huyo ameingiza wizi ndani ya mshahara. Nimewasikia wenye malori wakisema waziwazi kwamba dereva ‘anajua pa kujitafutia’. Ukisema hivyo, lori lako likiacha njia huku chini, na wewe uko ndani yake.

Dizeli si peke yake. Tazameni viazi vyetu. Aina ya Shangi tunayolima huku hununuliwa na mabroka kwa gunia lililofungwa lumbesa, limeongezwa kilemba cha wavu juu hadi linapita kilo 100 kwa mbali, na mkulima hulipwa gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa bado ipo. Tunalalamika juu ya mabroka, na tuna haki ya kulalamika. Lakini kijana anayepakia gunia na kuficha viazi vya kijani na vilivyokatwa jembe katikati, akapamba juu kwa vikubwa vilivyonyooka, amefanya lile lile analomlaumia broka. Mnunuzi wa Nakuru akifungua gunia hilo, mwakani hatakujia na mizani ya haki. Atakuja na kamba ndefu zaidi ya kufungia lumbesa.

Na udanganyifu wa mtu mmoja hulipiwa na mwingine. Wauzaji walipozoea kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ili wapate faida, serikali mwaka 2018 ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa kila lita ili mchezo huo usiwe na maana. Mchezo ulipungua utamu, ndiyo. Lakini aliyelipa ni mama mwenye jiko moja na chemli, ambaye hajawahi kuchanganya chochote isipokuwa unga na maji.

Kuna wanaosema watu wakiona msiba watajifunza. Ningependa iwe hivyo. Julai 2, 2010, mwaka mmoja na miezi michache baada ya moto wetu, lori la mafuta lilianguka Sange, mashariki mwa Kongo, na zaidi ya watu 200 wakafa. Agosti 10, 2019, ikawa Msamvu, Morogoro: zaidi ya 100. Julai 2021 ikawa Malanga, Siaya, hapa hapa Kenya, katika nchi iliyokwisha kulisikia jina la Sachangwan. Hofu huingia usiku wa habari na kutoka baada ya matanga. Kinachobaki mkononi mwa mtu ni kile alichozoea kukifanya siku za kawaida, siku ambazo hakuna lori lililoanguka wala kamera ya televisheni. Kwa hiyo mimi siwahofishi kwa moto. Nawauliza mnanunua nini Jumanne jioni.

Mwenye pikipiki, jaza kituoni na uchukue risiti, hata ukijaza ya shilingi mia. Mwenye pampu ya maji au mashine ya kukatia majani, akija mtu na mtungi usio na karatasi, mrudishe, na usimwitie jirani. Mpenzi wako akikuletea simu ya bei ya ajabu kutoka kwa rafiki wa rafiki, muulize imetoka wapi, na kama hajui, irudi ilikotoka. Utingo, kabla hujapanda lori, dai pesa za safari ziandikwe. Na dereva akitia nyutro huku juu, mwambie arudishe gia. Ni haki yako, roho iliyomo ndani ya ile kabini ni yako pia. Akikataa, shuka mara lori litakaposimama. Kazi nyingine itapatikana.

Na lori la mafuta likianguka tena, maana mteremko bado upo na malori yangali yanapita, msikaribie. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kufuata bonde, na cheche ya pikipiki yatosha kuuwasha. Simameni upande wa juu, upepo ukivuma kutoka kwenu, zuieni magari mbali kabisa, pigeni 999, na mtu wa kwanza kumshika mkono awe mtoto anayekimbia na mtungi. Mtungi mwacheni autupe.