Deni la Kodi kwa Waliotengana

Mijini twaona watu wawili wakipanga nyumba pamoja kama mume na mke. Kisha mapatano yao huvunjika, na mmoja huondoka na sanduku lake. Nyuma hubaki deni la kodi. Je, ni la nani?

Yuko asemaye, "Aliyevunja mapatano ndiye alipe." Mwingine, aliyeyaacha maisha yale kwa toba, husema, "Mimi nimekwisha kutoka. Deni la nyumba ile halinihusu tena." Maneno haya yote mawili yana kosa moja: yachanganya ugomvi wa wapangaji na haki ya mwenye nyumba. Yeye hakuwagombanisha. Alitoa chumba, nao wakalala ndani yake.

Sheria ya Mikataba iliyotungwa mwaka 1961, ambayo Tanzania yaitumia hata leo, haina fumbo katika jambo hili. Wawili wakiahidi pamoja, mdai aweza kumdai mmoja wao deni lote, isipokuwa walipatana vingine. Naye aliyelipa lote ana haki ya kumdai mwenzake fungu lake.

Tuseme kodi ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na miezi 3 ambayo wote wawili walikaa haikulipwa. Mwenye nyumba aweza kumdai aliyebaki shilingi 300,000 zote. Lakini kati yao wenyewe, kila mmoja ana 150,000. Fungu hilo haliongezeki kwa sababu ya hasira ya mmoja, wala halipungui kwa machozi ya mwingine. Mwenye uchungu moyoni asiifanye kodi kuwa fimbo ya kumpigia mwenzake.

Pengine jina la mmoja tu limeandikwa katika mkataba. Hapo mwenye nyumba hutazama jina, lakini dhamiri hutazama paa. Aliyelala chini ya paa lile, naye aliahidi kuchangia, asijifiche nyuma ya sahihi ya mwenzake.

Miezi iliyofuata kuondoka ni neno jingine. Aliyetoroka kwa siri, asimpe mwenzake nafasi ya kutafuta chumba cha kadiri yake, amemtwika mzigo, na yampasa kusaidia kuuchukua. Bali aliyetoa habari mapema, na mwenzake akachagua kubaki, asidaiwe daima.

Na toba je? Zakayo alipoongoka hakuzisahau fedha za watu, bali aliahidi kuzirudisha. Toba humtoa mtu katika nyumba; haimtoi katika deni.

Basi, walimu, watu hao wakija kwenu, msiwalazimishe kwanza kupendana. Kila mmoja na alete mzee wake. Hesabu iandikwe mwezi kwa mwezi, siku za kulipa zitajwe, mwenye nyumba aarifiwe, na stakabadhi zitunzwe. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo yakiisha kwa haki, kila mmoja ataweza kupita mbele ya mlango ule bila kuinamisha uso.